Picha Niliyoipiga kwa Kuipa Mgongo

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa mwalimu Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Embu, na kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili asubuhi na kuyapangua mchana. Mwalimu yule alinifundisha mambo matatu: kupima mwanga, kulenga, na kutogusa kioo kwa vidole. Mengine yote nilijifunza kwa kuharibu filamu. Haukupita mwaka nilikuwa nimeshajipa cheo cha mpiga picha, ingawa hakuna aliyeniajiri wala aliyeniomba.

Kila Jumamosi nilipanda pikipiki nikaenda kwetu Kibugu kuuvizia mlima. Mlima Kenya hujitokeza asubuhi na mapema kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha hujifunika mpaka kesho yake. Bahati mbaya mimi ni mtu wa kunywa chai kwanza. Kwa hiyo nina albamu tatu za mawingu. Wageni wakija nyumbani huwaonyesha na kuwaambia, "Hapa nyuma ndipo mlima ulipo," nao kwa adabu hutikisa kichwa na kufunua ukurasa unaofuata.

Siku za soko nilikwenda Kianjokoma. Huko watu waliniuliza kama mimi ni wa gazeti au wa serikali, na nilipojibu kwamba ninapiga tu kwa kupenda, walinitazama kwa mashaka zaidi. Kulikuwa na mama mmoja muuza kabichi ambaye nilimpiga akicheka, uso wake wote ukijaa kwenye picha. Mpaka leo naamini ile ilikuwa kazi nzuri. Nilipompelekea nakala yake, aliigeuza juu chini, kisha nyuma na mbele.

"Na miguu yangu iko wapi?"

"Nilitaka uso, mama."

"Lakini nilikuwa nimevaa viatu! Sasa watu si watasema nilikatwa?"

Akamwita jirani yake wa viazi aje awe shahidi, naye jirani akakubali kwamba kweli mwenzake amekatwa. Ilibidi nimpige tena, amesimama wima kando ya kabichi, mikono imenyooka, meno yamefungwa, viatu vikionekana vyote viwili. Hiyo aliipokea kwa mikono miwili. Ile ya kwanza alinirudishia nikae nayo.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mitunguu, kule chini Meru kwenye joto na ndizi. Kwa miaka sita ya ndoa alinivumilia mimi na filamu zangu, na kemikali nilizojaribu kuchanganya bafuni mpaka sabuni ikageuka rangi. Lakini Jumamosi moja nikifunga kamera kwenye pikipiki, alisimama mlangoni akaniuliza, "Hiyo mlima unaipiga picha kila wiki, kwani itaenda wapi?"

"Mlima hauendi popote."

"Basi wacha ikae. Mama yangu ndiye ataenda."

Nikashuka kwenye pikipiki. Nilijua anachosema. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, na hakuacha picha hata moja. Hata ile ndogo ya kipande, yaani kitambulisho, ilipotea pamoja na kipande chenyewe. Mke wangu aliniambia zamani kwamba anakumbuka koti la baba yake, kofia yake, hata namna alivyokohoa akiingia uani. "Lakini uso nikiutafuta," alisema, "inakuja koti." Sasa mama yake alikuwa ameanza kuchambua maharagwe kwa vidole badala ya macho. Daktari wa Meru alisema ugonjwa ule wa macho unakwenda mbele tu, haurudi. Mke wangu alitaka picha moja, yeye na mama yake wamekaa pamoja, na aliitaka mapema ili mama mwenyewe aione kabla macho hayajafunga. Hakutaka kingine kutoka kwa kamera yangu, wala hakuwahi kuniomba kingine.

Ni jambo dogo, mtu atasema. Kamera ipo, mama yupo, piga. Anayesema hivyo hajaoa Mitunguu.

Kwetu Embu na kwao Meru kuna heshima inayoitwa nthoni. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, na mama mkwe hamtazami mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, na maneno yao hupita kwa mtu wa tatu. Siku hizi naona vijana wanakumbatiana na mama wakwe zao arusini, na mimi hutazama pembeni kwa niaba yao. Kwa miaka ile sita, wangu nilimjua kwa sauti, kwa pindo la rinda, kwa raba zake nyeusi, na kwa mgongo wake ukiingia jikoni. Tukikutana kwenye njia ya shambani, yeye alijitosa katikati ya migomba na mimi nikaanza kuchunguza anga kama mtu wa hali ya hewa. Tulisalimiana ukuta ukiwa katikati, na tulielewana vizuri sana.

Wala hakuwa mtu wa mambo ya kale. Alikuwa mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani na Biblia iliyopigwa pasi. Mchungaji wao alipohubiri kwamba nthoni ni mzigo wa zamani na watu wautue, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia binti yake, "Mchungaji na mkwe wake waangaliane. Mimi na wangu tumezoeana hivi."

Likizo ya Aprili ilipofika tulikwenda Mitunguu, mimi mbele kwenye pikipiki, mke wangu mwalimu nyuma amekumbatia kamera, na stendi ya miguu mitatu imefungwa pembeni. Nilikuwa na mpango niliouona wa akili sana. Nilisimamisha kamera uani, nikalenga viti viwili mbele ya migomba. Mke wangu akakaa kwenye kimoja, nikapima kila kitu. Kisha nikageuka, nikavipa viti mgongo, nikapeleka mkono nyuma na kuweka kidole kwenye kitufe. Mama angetoka jikoni, angekaa, mke wangu angesema "sasa," na mimi ningebonyeza nikitazama ndizi. Heshima imelindwa, picha imepigwa.

Nikasikia raba zikikaribia. Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Mama, geuka," mke wangu alisema.

"Nimekaa vizuri."

"Lakini umepea kamera mgongo!"

"Si kamera nimepea mgongo. Ni jicho la baba ya watoto. Yeye amegeuka, lakini jicho lake si ameliacha hapo juu ya vijiti?"

Niliposikia hivyo nilichekea kwenye migomba mpaka stendi ikatikisika. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, mwambie mama hiki ni chuma na kioo tu."

"Mwambie hata miwani ni chuma na kioo," mama akajibu.

Nilibonyeza hivyo hivyo, tukapata picha ya mke wangu amejishika kichwa na kando yake kitambaa cheupe na mabega mawili. Hiyo niliruhusiwa kuitazama, kwa sababu mgongo nilikuwa nimeshauzoea. Mwenye studio mjini Embu, aliyenisafishia filamu, aliniuliza yule mwingine nilimkosea nini.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu alipiga kelele sikioni mwangu juu ya mngurumo wa pikipiki. "Ikifika Agosti bila picha, naita ule mtu wa soko!"

Mtu wa soko alikuwa mpiga picha wa Mitunguu, mwenye ua la plastiki ambalo kila mteja alilishika. Nusu ya watu wa eneo lile la Imenti Kusini wamepigwa picha na ua lile. Huyo si mkwe wa mtu, mama angemkabili bila shida. Niliumia. Wivu wa mpiga picha asiyelipwa ni mbaya kuliko wa anayelipwa, kwa sababu hana kingine cha kulinda. Nikamwambia mwalimu kwamba nitapata njia.

"Njia ni moja," alisema tulipofika nyumbani, akijipangusa vumbi. "Hilo jicho lisiwe lako."

"Liwe la nani?"

"Langu."

Nilidhani anatania. Nilimwambia kwamba siku hiyo tutasema ni lake, kisha tukirudi linakuwa langu. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili hesabu. Mama yake, alisema, hadanganywi kwa kamera ya kuazimwa. Kama ni yake, ni yake kabisa, na mbele ya mama itatamkwa hivyo. Nikamwambia nitafikiria, na Mei, Juni na Julai nikaenda zangu Kibugu kufikiria, nikarudi na mawingu.

Agosti tulipofika Mitunguu, nilikaa sebuleni na chai yangu kama kawaida, kamera shingoni. Mke wangu alipitia nyuma, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Nje kulikuwa na jua kali la saa sita.

"Huyo ni nani?" nikasikia mama akiuliza.

Nikasikia viatu vya mke wangu vikisogea hatua moja.

"Ni nani amesimama hapo?"

"Ni mimi, mama," mke wangu alisema, na sauti yake ilitoka ndogo, si ya mwalimu.

Chai ilinishinda. Niliona aibu, na haikuwa ile ya ukwe. Miezi minne nilikuwa nimeshikilia kitu kile shingoni kwa sababu nilipenda kuitwa mwenye kamera, na kumbe kila wiki niliyoichelewesha ilikuwa inakata macho ya mtu. Nilivua mkanda, nikatoka uani, nikasimama kando ya ukuta wa jikoni ambapo sauti inafika na macho hayafiki.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti, "kuanzia leo kamera hii ni yako. Si ya leo tu. Ni yako."

Sufuria ilifunikwa ndani. "Na mkikosana ataichukua?" mama aliuliza.

"Hachukui," mke wangu alisema.

"Hata akienda kwa hiyo mlima yake?"

"Ataniomba."

"Na hiyo kitu ya kubonyeza, nani atabonyeza?"

"Yeye, mama. Mimi nitakuwa kwa picha pamoja na wewe. Lakini jicho ni langu, yeye ataweka kidole tu."

Mama alifikiri. Nilisimama pale nikisubiri uamuzi kuhusu kidole changu.

"Kidole hakioni," alisema hatimaye. "Wacha nivae viatu."

Tulipanga viti kama mara ya kwanza. Nikalenga, nikapima, nikageukia migomba, mkono nyuma. Nilisikia viatu, na safari hii vilikuwa vya ngozi, vya kanisani. Kiti hakikuburutwa. Nilihisi kijiupepo kikinipitia mgongoni, na kwa joto lile la Mitunguu nilikishukuru.

"Viatu vitaonekana?" mama aliuliza.

Mke wangu alinipitishia swali, nami nikajibu ndizi kwamba vitaonekana vyote viwili. Muuza kabichi wa Kianjokoma alikuwa amenifunza adabu.

"Haya, mama, tulia. Sasa!"

Nilibonyeza. Papo hapo nikasikia mtu akicheka nyuma yangu, kicheko kifupi kilichomponyoka. Hakikuwa cha mke wangu. Cha mke wangu nakijua, huanzia puani.

"Kuna nini?" nikaulizia migomba.

"Sijui, mimi naangalia kamera. Ni mama tu. Piga ingine," alisema mwalimu, mwenye kamera.

Nikapiga nyingine mbili, na hapo kila mtu alikuwa ametulia.

Bahasha ilipotoka studio, mke wangu aliichukua kabla yangu. Nilimuuliza kama picha ni nzuri. "Ile ya kwanza ndiyo tutaweka," alisema, akaitia kwenye mkoba wake. Basi ikawa hivyo. Nilikuwa nimepiga kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu na sikuwa na ruhusa ya kuiona. Naungama hapa kwamba jioni moja nilitoa ile filamu yenyewe, nikaiinua kwenye taa ya dirishani. Ukitazama filamu hivyo, kila kitu huwa kinyume. Niliona watu wawili wenye nyuso nyeupe, na yule wa kulia, mwenye kitambaa kilichogeuka cheusi, alikuwa na meno meusi. Nikairudisha haraka. Lakini meno nilikuwa nimeyaona, nikajua kwamba picha waliyoichagua ni ile ya kicheko, na kwamba sijui alicheka nini.

Desemba tuliipeleka, imetiwa fremu. Nikiwa sebuleni nilimsikia mama akiitoa nje juani, na mke wangu akimwambia aisogeze karibu, karibu zaidi.

"Ndiyo mimi," mama alisema. "Kumbe nimezeeka hivi! Na wewe umekaa vizuri. Viatu pia viko."

Mke wangu alikuja sebuleni baadaye, macho yamevimba, akaninyang'anya kikombe na kunywa chai yangu yote.

Ziara iliyofuata nilikuta fremu imetundikwa ukutani mkabala na kiti changu, imegeuzwa. Niliona ubao wa nyuma wa rangi ya kahawia, misumari midogo minne na uzi. Ndivyo walivyoamua: mkwe akija, picha inageuzwa ukutani, akiondoka, inarudishwa. Kwa miaka mingi nilikunywa chai nikitazamana na ubao ule. Naweza kuuchora sasa hivi, pamoja na alama ya nzi kwenye kona. Wageni wengine waliniambia ni picha nzuri sana, nami niliwashukuru kama mtu anayesifiwa mtoto anayesoma mbali.

Kamera nayo ilibaki ya mwalimu kweli. Jumamosi ilibidi niombe.

"Unaenda wapi nayo?"

"Kibugu."

"Mlima tena?"

"Leo huenda ukatoka."

"Ukinywa chai hautatoka," alisema, akinivalisha mkanda shingoni. Mara mbili au tatu nilimtii, nikaupata mlima mzima, mweupe kileleni. Picha hizo zimebandikwa ukurasa wa mwisho wa albamu, kwa jina lake.

Watoto wetu walikua, pikipiki ikafa, nikastaafu mafaili. Macho ya mama yalifunga kabisa. Pasaka moja tulifika Mitunguu, nikaingia sebuleni, nikakuta fremu imetazama chumbani. Nikainamisha kichwa haraka. Nilidhani wamesahau, nikamwita mke wangu kwa sauti ya chini.

Mama alinisikia kutoka jikoni. "Mwambie hatujasahau," alimwambia binti yake. "Ilikuwa macho yangu na yake yasikutane, na yangu yameisha. Mwache aangalie. Na aniambie nimekaa namna gani, kwa sababu nimeanza kusahau."

Mke wangu alikaa kwenye mkono wa kiti changu. Nikainua macho. Miaka ishirini na kitu, na ndiyo kwanza nilikuwa namwona mama wa mke wangu. Alikuwa na uso mdogo, kipaji kipana kile kile ambacho watoto wangu wote wanacho na ambacho nilikuwa nikijigamba kwamba kimetoka kwetu Embu. Mbele kulikuwa na pengo la jino moja.

"Mwambie mama," nikaanza, "amekaa wima. Viatu viko vyote viwili, vinang'aa. Ameshika mkono wa mwalimu. Anacheka." Nikasogea karibu na ukuta. "Lakini haangalii kamera. Anaangalia kando kidogo, kama kuna kitu amekiona."

Mwiko ulinyamaza ndani ya sufuria. Aliyejibu hakumwambia binti yake aniambie. Alisema nami.

"Nilikuwa naangalia shati yako. Ilikuwa imepasuka mgongoni, kutoka bega mpaka kwa mshipi, na wewe umesimama hapo na hiyo kidole yako nyuma, kama chifu anakagua askari. Nikasema ninyamaze, huyu ni mkwe. Nimenyamaza miaka hii yote. Ilishonwa?"

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa leso na mabega yakimtikisika, na kutoka puani nikajua anacheka, ingawa leso ilikuwa inalowa.

"Haikushonwa, mama," nikasema. "Tulidhani ilipasukia njiani tukirudi."

"Hm," mama alisema. "Haya. Niambie tena. Na uanze na uso, viatu navikumbuka."

Nikakisogeza kiti changu mpaka mlango wa jikoni, nikaanza tena na uso.